Nukta ya Bi. Siwema

Dakta Mwakatobe ana shahada tatu,
ya mwisho kaisomea kwenye theluji.
Huitazama chembe moja ya mwili
akakuambia itafanya nini kabla ya Krismasi.
Huyo huyo, kila Alhamisi jioni,
hutundika koti jeupe msumarini
akaenda kwenye hema, Kimara Temboni,
kulala kifudifudi juu ya maranda ya mbao.
Ijumaa huja sauti imekauka,
maranda mawili matatu bado nyweleni.

Mezani kwake, kando ya fomalini,
pana kichupa cha maji ya upako.
Shilingi elfu tano. Nabii anatabasamu kwenye lebo.

Kazi yangu mimi kukata nta.
Nyama ya mtu ndani ya nta, nta chini ya wembe,
utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu.
Kanisa niliaga kidato cha tano,
mwaka niliosoma kitabu kimoja nikadhani ni vyote.

Rweikiza, mwanafunzi wa mazoezi,
alitufungulia mchoro wakati wa chai:
huku elimu, huku kusali, na mstari
unateremka kama barabara ya Kimara kwenda Ubungo.
"Kadiri mtu anavyosoma," alisema,
"ndivyo magoti yanavyokauka."
Nilicheka wa kwanza, chapati mdomoni.

Bi. Siwema alikuwa anakamua dekio.
Darasa la saba, Mbagala. Adhuhuri husali
kwenye stoo ya mifagio, kati ya ndoo na sabuni;
miaka tisa, hatujaisikia sauti yake.
"Na mimi," akauliza, "nukta yangu iko wapi?"
Rweikiza akasogeza kishale.
"Wewe… huku juu, labda. Kushoto."
"Na dakta?"
Kishale kikazunguka kama nzi aliyekosa kidonda.

Ndipo alipokinyanyua kile kichupa
akakielekeza dirishani, kwenye mwanga,
vile vile tufanyavyo sisi.
"Dakta, haya umeyapima?"
Feni ikasikika.
"Mimi maji ya bomba siyanywi mpaka yachemke.
Mungu simchemshi.
Maji nachemsha."

Dakta alicheka cheko la mtu aliyekanyagwa kidole.
Kichupa hakukiondoa. Alikigeuza tu,
nabii akautazama ukuta.

Mwezi wa Mei, Jangwani kumefurika, Upanga hapapitiki,
ikafika sampuli: Nankondo, mwanamke, miaka thelathini na minne.
Dada yangu.
Nilimkata mwenyewe, sikumwachia mtu.
Mkono haukutetemeka,
na nikaona fahari, fahari ya kijinga, kwa hilo.

Dakta hutazama dakika nne. Siku ile, kumi na mbili.
Akautaja ugonjwa kwa jina lake na daraja lake,
akaandika, akatia saini.
Hakuna malaika aliyeushika mkono wake.
Kisha akapiga magoti pale pale
kwenye vigae vyenye madoa ya rangi ya waridi,
akanena maneno yasiyo na kamusi,
mishipa imemsimama shingoni.

Nilitaka kumdharau. Sababu ninazo zote, nimezisoma.
Badala yake nikahesabu vigae:
saba kwa kumi na moja, sabini na saba.
Nikarudia. Nikarudia tena,
kana kwamba vikitimia sabini na nane
Nankondo atapona.

Bi. Siwema akaingia na ndoo, akatukuta:
mmoja anapaza sauti, mmoja midomo inamcheza.
Akadeki akiyazunguka magoti ya dakta,
akanigonga kiatu kwa mpini, nisogee.
"Kliniki wanampokea saa ngapi kesho?"
Sikujua.
Kati ya wasomi wawili, hapakuwa na aliyepiga simu.
Akanipa yake, kioo kimepasuka,
salio shilingi mia mbili,
akaenda zake stoo. Adhuhuri ilikuwa imemkaribia.

Rweikiza, kama ule mchoro bado unao,
niwekee na mimi nukta.
Wapi, sijui.
Weka kwa penseli.